Kati ya la Nne na la Saba

Kutoka Makambako, pale barabara ya Zambia inapoachana na ya Songea, safari ya kwenda Liganga hupanda hadi Njombe mjini, huiacha njia ya Songea pale Itoni, hupita kipande cha zege cha kilomita 50 kati ya Lusitu na Mawengi, kisha huingia katika milima ya Wapangwa wilayani Ludewa. Huko, katika kata ya Mundindi, kuna mlima ambao serikali imeupigia hesabu kwa miaka mingi: tani milioni 126 za mawe ya chuma, na ndani yake vanadiamu na titani. Mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China ulitiwa saini mwaka 2011, na fidia kwa wenyeji ilianza kulipwa mwaka 2023. Kabla ya yote hayo wataalamu walichoronga mwamba, wakatoa sampuli na kuzipeleka maabara, kwa sababu hakuna anayenunua mlima kwa kuutazama rangi.

Shule za msingi za huko hazipati uangalizi wa namna hiyo. Zinapimwa kwa siku mbili za Septemba, darasa la saba wanapofanya mtihani wao wa mwisho, na hukumu inaingia kwenye simu ya mzazi kabla mwalimu mkuu hajapata nafasi ya kuibandika ukutani. Ukurasa wa Baraza la Mitihani, NECTA, unaonyesha idadi ya waliofanya, wastani wa shule, kisha mstari mmoja kwa kila mtahiniwa: namba, jinsi, alama ya kila somo kuanzia A hadi E. Mzazi aliyehamia Makambako kufuata biashara ya mbao au maparachichi, akiwa na mtoto wa darasa la tano mkononi, atafungua kurasa mbili tatu za shule za jirani, atalinganisha wastani, ataamua. Dakika tano hazipiti.

Uamuzi huo si wa kubezwa. Wastani ni kitu, na kabla haujawekwa mtandaoni mzazi alitegemea maneno ya dukani. Tatizo ni kwamba namba hiyo inaulizwa swali ambalo haikuandaliwa kulijibu.

Chukua ukubwa wa shule. Shule ya kijijini Ludewa inaweza kuwa na watahiniwa 20. Watoto watatu wakiugua wiki ya mtihani, au wakiwa ndio wale watatu waliokosa muhula mzima, ufaulu wa shule unashuka kwa asilimia 15. Kwenye shule ya mjini yenye watahiniwa 150, watoto watatu ni asilimia mbili, na hakuna atakayeona. Wachumi wa Marekani Thomas Kane na Douglas Staiger walilionyesha jambo hili mwaka 2002 kwa takwimu za shule za North Carolina: shule ndogo zilijaa juu kabisa na chini kabisa ya orodha, mwaka huu bingwa, mwaka ujao mkia, ilhali ndani ya madarasa hakuna kilichobadilika cha kutosha kueleza kupanda na kushuka huko. NECTA yenyewe ililijua, na ilipokuwa ikipanga shule kwa nafasi ilizitenga zenye watahiniwa 40 na zaidi na zile za chini ya 40. Mzazi asiye na muda wa takwimu anaweza kufanya jambo moja rahisi: asisome mwaka mmoja, asome minne.

Kisha kuna swali la nani aliruhusiwa kuketi kwenye kiti cha mtihani. Hapa Tanzania ina kisa chake chenyewe, na kimechunguzwa vizuri kuliko visa vingi vya Afrika.

Mwaka 2012 ni asilimia 31 tu ya watahiniwa wa darasa la saba waliofaulu nchini. Mwaka uliofuata serikali ilizindua mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, na kwa upande wa elimu silaha yake ya bei nafuu ilikuwa aibu: kila shule ilitangaziwa nafasi yake kitaifa na ndani ya wilaya yake, ikapakwa rangi ya kijani, njano au nyekundu. Hakuna mwalimu aliyekatwa mshahara kwa ajili ya rangi. Lakini mwalimu mkuu wa shule nyekundu alijua kikao kijacho cha wilaya kitakuwaje, na nani atasimamishwa mbele ya wenzake ajieleze.

Ufaulu ulipanda hadi asilimia 51 mwaka 2013, ukaendelea kupanda, na kufikia mwaka 2019 ulikuwa umevuka asilimia 80. Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichukua matokeo ya shule zote za nchi kuanzia 2011 hadi 2016 wakauliza ni kiasi gani cha kupanda huko kilitokana na orodha. Walipata mambo mawili, na mzazi anayahitaji yote. Shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao ziliongeza ufaulu kweli kwa sababu ya kubanwa. Na shule hizohizo zilipunguza idadi ya watoto waliofika darasa la mwisho. Mtoto dhaifu alibakizwa la sita, au alikatishwa tamaa akaacha. Asiyefanya mtihani hashushi wastani.

Njia nyingine ya kupandisha wastani ni wizi mtupu. Oktoba 2018 NECTA ilifuta matokeo ya shule zote za Halmashauri ya Chemba, mkoani Dodoma, pamoja na shule kadhaa za sehemu nyingine, baada ya mtihani kuvuja, na watoto wakaitwa kuurudia. Mwaka 2022 vituo 24 vya mtihani wa darasa la saba vilifungiwa kwa udanganyifu. Udanganyifu huo ulipangwa na watu wazima, na watu wazima hupanga mambo kama hayo mahali ambapo kitu kimoja tu ndicho kinachotazamwa.

Tangu matokeo ya mwaka 2022 NECTA haitangazi tena shule bora wala wanafunzi bora, kwa hoja kwamba shule zinasomesha katika mazingira tofauti na kuzilinganisha hakuna tija, labda matangazo ya bure kwa wachache. Kenya ilikuwa imefanya hivyo mwaka 2014, waziri akiwa Jacob Kaimenyi. Waliofurahia hatua hizo wasisahau Wales: ilifuta orodha za shule mwaka 2001 huku jirani yake Uingereza ikiendelea nazo, na watafiti wa Bristol wakiongozwa na Simon Burgess wakakuta matokeo ya Wales yakibaki nyuma, hasa kwa shule zilizokuwa dhaifu tangu mwanzo. Kwa hiyo kunyamaza nako kuna gharama yake. Hata hivyo NECTA haikufunga dirisha. Nafasi na rangi zimeondoka. Matokeo ya kila shule yanaendelea kutolewa, ya la saba na ya la nne pia.

Na hayo ya la nne ndiyo mzazi anapaswa kuyatafuta kwanza.

Enzi ya Mwingereza madarasa ya tano hadi ya nane yalikuwa na shule zake, zikiitwa shule za kati, na mtoto alizifikia kwa kuchujwa akimaliza la nne. Wengi waliishia hapo, wakarudi shambani. Miaka ya 1960 darasa la nane liliondolewa, shule ya msingi ikawa ya miaka saba, na mchujo wa la nne ukafutwa baadaye. Lakini mpaka wenyewe haukufutika. La nne kuna Upimaji wa Kitaifa, na baada yake mtoto anaingia katika miaka mitatu ambayo shule nyingi huonyesha tabia yake halisi: masomo yanakuwa magumu, sehemu na desimali zinaingia, na nyumbani nguvu ya mtoto inaanza kuwa na bei.

Basi mzazi achukue matokeo ya la nne ya mwaka 2021 na ya la saba ya mwaka 2024, shule hiyohiyo. Ni watoto walewale, kwa sehemu kubwa. Ahesabu kwanza vichwa. Tuseme la nne walikuwa 58 na la saba wamekuwa 41. Wale 17 wako wapi? Jibu linaweza kuwa jema. Katika kata za pembezoni familia huhama kufuata mashamba ya miti au mji, na mtoto huondoka na barua ya uhamisho na namba yake ya PREM, ile ambayo NECTA humpa kila mwanafunzi ili afuatiliwe popote aendapo. Lakini inawezekana pia kwamba wasichana wanne wako Dar es Salaam wakilea watoto wa watu, kama ilivyo desturi ya muda mrefu ya mikoa ya Iringa na Njombe kutoa wafanyakazi wa ndani, na wavulana watano wanavuna viazi kwa kibarua, na waliobaki wamekaririshwa darasa. Mwalimu mkuu anayeijua shule yake atatoa majibu kwa majina. Anayesema tu "wengine walihama" naye amejibu, kwa namna yake.

Hesabu ikigeuka, kwamba la nne walikuwa 90 na la saba wamefika 120, hilo nalo lina maana. Mji wa Makambako unakua, na shule nzuri huvuta watoto wa ndugu kutoka vijijini. Wajomba na shangazi wa mjini hawachagui shule kwa kubahatisha.

Baada ya vichwa, alama. Atazame Hisabati na Kiingereza, masomo ambayo kwa miaka mingi yameburuza mkia nchini, kisha aone kundi lilipotoka na lilipofika. Shule iliyowapokea watoto wengi wa D la nne na kuwapeleka C la saba imefanya kazi kubwa kuliko iliyowapokea watoto wa A ikawarudisha wa B, ingawa ya pili ndiyo itakayokuwa na wastani wa juu. Uingereza, iliyoanza kuchapisha orodha za shule mwaka 1992, ilichukua hadi mwaka 2016 kufanya maendeleo ya mtoto kati ya ngazi mbili kuwa kipimo chake kikuu cha sekondari. Mzazi wa Makambako anaweza kukifanya kwa kalamu na bando la siku moja. Hakitakuwa kipimo safi. Waliohama na waliokariri wanakivuruga. Lakini kinauliza swali lililo sahihi.

Kutoka kwenye simu, aende shuleni. Asiende siku ya mahafali, wala siku ambayo mkuu wa wilaya anatarajiwa. Aende Jumanne ya kawaida baada ya mapumziko ya asubuhi, akapige hodi ofisini kwa mwalimu mkuu, na akiwa njiani ahesabu madarasa yenye mwalimu ndani. Mwaka 2014 uchunguzi wa Benki ya Dunia uliofanywa kwa kuvamia shule bila taarifa ulikuta mwalimu mmoja kati ya saba hayupo shuleni kabisa. Hilo lilitarajiwa. Lililoshtua ni kwamba karibu nusu ya walimu hawakuwa darasani: wengi wao walikuwa palepale shuleni, wamekaa ofisini, wanasahihisha, wanaandika ripoti, wanapiga soga chini ya mti. Vipindi vilikuwa kwenye ratiba tu.

Jambo la pili ni daftari. Mtoto wa jirani anayesoma pale aombwe daftari lake la Hisabati. Tarehe za mazoezi zinasema mengi kuliko hotuba ya kamati ya shule. Kama zoezi la mwisho ni la wiki tatu zilizopita, habari ndiyo hiyo. Kama lipo la jana lakini limejaa vema nyekundu bila sahihisho hata moja, na jibu la tatu limekosewa likapewa vema vilevile, mwalimu alisahihisha kwa kasi ya kupiga mihuri. Shule ambayo daftari lina kosa, alama ya kosa, kisha mtoto amerudia hesabu chini yake mpaka ikatoka, hiyo inafundisha, hata kama madirisha hayana vioo.

Majengo ndiyo yanayopotosha zaidi. Rangi mpya, vigae, ubao wa jina la shule uliochorwa vizuri barabarani: hivi huonekana upesi, na viongozi huvizindua upesi. Vyoo ni muhimu, na viwango vya serikali, tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, vinafaa kuhesabiwa kwa macho, hasa kwa msichana wa la sita anayekaribia kuvunja ungo. Lakini mradi wa KiuFunza, uliofanywa na shirika la Twaweza pamoja na watafiti akiwamo huyohuyo Mbiti katika shule 350 mwaka 2013 na 2014, ulipeleka fedha za ruzuku kwenye kundi moja la shule na kukuta zikiwa peke yake hazikuongeza kujifunza kwa watoto. Fedha zilipoambatana na motisha kwa mwalimu kulingana na kile watoto walichojua, ndipo alama zilipopanda. Vitabu vilivyofungiwa kabatini havijafundisha mtu.

Jambo la tatu ni ikama, na hapa Ludewa si Makambako. Kiwango ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na shule nyingi za mjini hukaribia hapo kwa sababu walimu nao wana waume, wake na biashara mjini. Kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, kata kama Lumbila na Kilondo zimetegemea boti kwa muda mrefu, na mwalimu mgeni anayeshushwa ufukweni na godoro lake huanza kuandika barua ya uhamisho mapema. Kwa hiyo swali la kuuliza lisiwe idadi ya walimu. Liwe hili: Hisabati ya la saba anafundisha nani, na mwaka jana alifundisha nani? Majina yakiwa mawili tofauti kila mwaka, wastani wa mwaka jana ni wa mtu ambaye hayupo.

Kuna kipimo cha nne ambacho hakihitaji ruhusa ya mtu. Tangu mwaka 2010 Uwezo, mradi wa Twaweza, ulipeleka watu nyumba kwa nyumba na hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili, wakawaomba watoto wasome. Miaka hiyo ya mwanzo watoto wa darasa la tatu walioweza kuisoma walikuwa kama watatu kati ya kumi. Mwaka 2012 wizara nayo ilikiri kuwa kidato cha kwanza kimepokea maelfu ya watoto wasiojua kusoma na kuandika, waliofaulu mtihani wa kuchagua majibu. Mzazi yeyote anaweza kumwita mtoto wa la tano wa shule anayoifikiria, akampa kitabu cha la tatu na kuketi kimya kumsikiliza. Kisha ampe aya moja ya Kiingereza. Hii ya pili inauma, kwa kuwa mtoto wa shule ya umma husoma kwa Kiswahili hadi la saba, halafu kidato cha kwanza kinampokea kwa Kiingereza siku ya kwanza, na ndiyo sababu wenye uwezo Njombe na Makambako wanakimbilia ingilishi midiamu hata pale ambapo walimu wa umma ni wazoefu zaidi.

Chakula kinastahili mjadala mrefu kuliko kinavyopewa kwenye vikao. Njombe ni mkoa wa mahindi, viazi, maziwa na chai, na bado utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta takriban nusu ya watoto wake wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Watoto hao ndio wanaoingia shule. Juni na Julai baridi ya Njombe huuma hadi mifupani, na mtoto aliyetembea kilomita nne bila kitu tumboni hufika akiwa ameshatumia nguvu ya asubuhi. Shule yenye uji wa saa nne na makande ya mchana inashindana na shule isiyo na jiko kwa namna ambayo hakuna ukurasa wa matokeo unaoionyesha. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, jambo lililojaza madarasa ya kwanza nchi nzima. Lakini baadhi ya wazazi waliutafsiri kuwa hata debe la mahindi la mtoto wao ni kazi ya serikali. Ruzuku iliyokuja na utaratibu huo ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na katika hizo 6,000 ndizo zilizoingia akaunti ya shule. Shule ya watoto 300 ilipata milioni moja na laki nane, yaani laki moja na nusu kwa mwezi, kwa chaki, mitihani, ukarabati na michezo. Kijiji kilichokubaliana kuleta mahindi na maharage kwa hiari, kikachagua mpishi na kutunza stoo, kimekwisha kuonyesha kitu kuhusu shule yake. Mkoa huu pia umeongoza nchi kwa maambukizi ya VVU kwa miaka mingi, na mezani pa kikao cha wazazi huketi mabibi wengi wanaolea wajukuu. Inafaa kutazama kama mwalimu anazungumza nao au anawapita.

Yote haya, kwa kweli, serikali inayajua na ina watu wa kuyapima. Wathibiti ubora wa shule, ambao wazazi wengi bado wanawaita wakaguzi, hufanya kazi kwa kiunzi cha mwaka 2017 chenye maeneo sita: mafanikio ya mwanafunzi, ufundishaji, mtaala, uongozi, mazingira na ushiriki wa jamii. Ni kiunzi kizuri, kizuri kuliko orodha yoyote ya rangi. Hukaa darasani, hufungua maandalio ya masomo, huzungumza na wanafunzi, huandika ripoti. Kisha ripoti hukaa kwenye faili, na anayeiomba hutazamwa kama mtu anayetafuta ugomvi. Mjumbe wa kamati ya shule ana kila sababu ya kuiomba isomwe mbele ya mkutano wa wazazi. Kazi ya kupima imekwishafanyika na kulipiwa.

Hesabu ya la nne na la saba yenyewe iko njiani kubadilika. Toleo la 2023 la Sera ya Elimu limepunguza shule ya msingi kuwa ya miaka sita, na mtaala mpya ulianza Januari 2024, la tatu wakiwa miongoni mwa waliotangulia. Hao watamaliza la sita mwaka 2027. Waliokuwa la nne mwaka huohuo wa 2024, waliobaki kwenye mtaala wa zamani, watamaliza la saba mwaka huohuo wa 2027. Kwa mzazi anayelinganisha kurasa, wastani wa mwaka huo utatoka kwenye mitaala miwili, na pengo la kupimia litafupika kutoka miaka mitatu hadi miwili. Kwa sekondari za kata za Ludewa na Makambako, makundi mawili yatafika Januari 2028 kwa pamoja kuomba madawati ya kidato cha kwanza, na idadi yao inaweza kuhesabiwa tangu sasa kwenye daftari la mahudhurio la kila shule ya msingi.